Ngeli za Mbinguni: Uainishaji wa Majina ya Walio Juu, Walio Kati na Wanaopanda Kichwani

Kwa karne nyingi wanazuoni wamejadili sifa za Mwenyezi Mungu bila kumwita mwalimu wa sarufi hata mara moja. Makala haya yanaziba pengo hilo. Yanachunguza maneno ambayo Mswahili huyatumia kuutaja ulimwengu usioonekana, kuanzia Aliye juu ya yote hadi yule anayempanda shangazi kila ubani unapofukizwa. Mwandishi hana ugomvi na yeyote kati ya wanaotajwa humu, na angependa wote, hasa wa kundi la mwisho, walifahamu hilo mapema.

Chombo cha utafiti ni kimoja tu: kiambishi cha upatanisho. Vitabu vya dini hueleza nani ni nani. Kitenzi hueleza msemaji anamchukulia nani kuwa nani, na kitenzi hakijui kusema uongo.

Tuanze panapostahili kuanzwa. Kwa umbo lake, neno Mungu limezaliwa katika ngeli ya miti: mti–miti, mto–mito, Mungu–miungu. Hata hivyo hakuna Mswahili asemaye “Mungu unapenda”. Mungu anapenda, anajua, anaona, na kwa mujibu wa methali hamtupi mja wake. Sarufi imemtambua kuwa ni nafsi, ikampa a- ya heshima, ikaachana na umbo. Tatizo huanza pale anapodaiwa kuwapo wa pili. Hapo hapo ngeli ya miti inarudi. Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, katika amri ya kwanza imewapatanisha miungu na neno “mingine”, kama mtu anavyosema mikorosho mingine. Akiwa mmoja ni nafsi. Wakiwa wawili ni miti. Hoja ya tauhidi iliyo fupi kuliko hiyo haijapata kuandikwa. Wapo wasemaji wanaosema “miungu wengine”, lakini hao tunawaachia viongozi wao wa dini.

Kutokana na ushahidi huu tunapendekeza sheria tutakayoiita Kanuni ya Wingi: jina la aliye juu likitiwa katika wingi, mwenye jina hushuka cheo. Jaribio la pili linathibitisha la kwanza. Mwanamke akisimama kanisani akasema kwamba anaye Bwana, waumini wote wataitika ameni. Akisema anao mabwana, ataitwa na wazee wa kanisa baada ya ibada.

Kihistoria, Mungu huyu ni yuleyule Mulungu wa Wagogo, Wayao, Wagiriama na Wachewa. Kiswahili kilidondosha “l” kama kilivyodondosha nyingine nyingi, likabaki Muungu, ambalo bado limo katika mashairi ya kale, kisha irabu zikaungana. Jambo la kushangaza ni kwamba neno hili la Kibantu halikung'olewa na Uislamu ulipokuja, wala na Ukristo ulipofuata. Wote wawili walilikuta, wakalipenda, wakalitumia, na hakuna aliyemshtaki mwenzake. Huko Malaysia, gazeti la Kikatoliki la The Herald lilipelekana mahakamani na serikali kwa miaka kadhaa kuhusu kama Wakristo wanaruhusiwa kuandika neno “Allah”, na mwaka 2014 Mahakama ya Shirikisho ikakataa kusikiliza rufaa ya gazeti. Kwetu kesi kama hiyo isingepata hata mlalamikaji. Wimbo wa Taifa wa Tanzania na ule wa Kenya, zote mbili, humwita Mungu, si Mola, si Bwana, si Mwenyezi. Dola ilipotafuta neno lisilovaa kanzu wala joho, ilikuta limeshaandaliwa. (Kwa faida ya wanafunzi wa darasa la tatu: ile “i” ya “ibariki” katika wimbo wa Tanzania ni ya Afrika, si ya Mungu. Mungu hakurudishwa kwenye miti.)

Bara nako kuna majina yake, na mengi hupoteza kitu yakivuka kuingia katika Kiswahili. Ruwa wa Wachaga ana jina moja na jua. Enkai wa Wamaasai ana kiambishi cha kike, tena ana rangi: Enkai Narok, mweusi, ndiye mwema wa mvua, na Enkai Nanyokie, mwekundu, ndiye mwenye hasira. Looaa wa Wairaqw ni mama. Wote hawa wakifika kwenye kitenzi cha Kiswahili hupewa a- ileile aliyopewa karani wa kata, nayo haiulizi jinsia wala rangi. Ngai wa Wakikuyu na Wakamba amefaulu zaidi, kwani huko Nairobi amevuka akawa kihisishi. Matatu ikikata kona vibaya, hata Mjaluo husema “Ngai!”

Kabla hatujaondoka kwenye neno hili, hakuna budi kutaja spishi mbili za kienyeji zinazotatiza hesabu. Ya kwanza ni mama, ambaye kwa kauli ya wengi “ni mungu wa pili”. Washika tauhidi wakali hutabasamu tu wakisikia hivyo, nadhani kwa kuwa wao pia wana mama. Ya pili ni mungu mtu, ambaye wingi wake ni miungu watu. Huyu hupatikana maofisini, nyuma ya mlango wenye pazia. Maisha yake huanza kwa kiapo kinachomalizikia kwa ombi kwamba Mungu amsaidie, na baada ya muda mfupi mwombaji na mwombwa huwa wamechanganyika kiasi kwamba katibu muhtasi ndiye pekee anayeweza kuwatenganisha.

Sasa tuingie kwenye kundi lenye utajiri mkubwa kuliko yote, la majina yaliyotoka kwenye Kiarabu: Mola, Rabi, Rabuka, Rabana, Manani, Jalali, Karima, Rahimu, Wadudi, Kahari. Wanatheolojia wanasema kila jina linabeba sifa yake: Manani ni mwingi wa kutoa, Wadudi ni mwenye kupenda, Kahari ni mwenye kushinda kila kitu. Hilo ni kweli kwa Kiarabu. Kwa Kiswahili, uchunguzi wa beti nyingi za mashairi unaonyesha kwamba jina huchaguliwa na kina.

Fikiria kazi ya mshairi. Ana mizani kumi na sita katika mshororo, vipande viwili vya nane nane, na kina cha kati na cha mwisho vinamsubiri kama wadai. Akiwa amefunga kina cha “ni”, atamwomba Manani. Akifunga “la”, ni Mola. Kwa “ka” ni Rabuka, kwa “ma” ni Karima, kwa “li” ni Jalali, na aliyejitia kwenye “di” humkimbilia Wadudi. Katika utenzi hali ni ngumu zaidi, maana kina cha mshororo wa nne hakibadiliki kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hata beti zikiwa mia tano. Mtunzi aliyeanza kwa “ri” ameshajifunga kuomba kwa Kahari na Jabari, majina ya nguvu na utisho, ingawa shida yake huenda ilikuwa kuomba mtoto. Akibahatika atamkumbuka Ghafuri, mwenye kusamehe, na kina kitakuwa kimemwokoa. Hii tunaiita Kanuni ya Kina: Mungu ni mmoja, ila mlango wa kumfikia hutegemea silabi ya mwisho.

Ndani ya kundi hili kuna jambo ambalo sarufi imelinyamazia kwa muda mrefu. Rabi, kwa Kiarabu, ni Mola wangu. Rabuka ni Mola wako. Rabana ni Mola wetu. Maulana nalo ni Bwana wetu. Viwakilishi hivyo vyote vilipanda jahazi salama, vikafa vilipogusa ufukwe wa Uswahilini. Ndiyo maana malenga anaweza kuandika “Rabuka wangu” na asione kwamba amesema “Mola wako wangu”, na khatibu akasema “Maulana wetu” bila kusikia kwamba amesema “Bwana wetu wetu”. Mimi siwalaumu. Katika mambo ya umiliki ni afadhali kuzidisha. Maulana lenyewe limeendelea kuteremka: Waismailia humwita Imamu wao Maulana Hazar Imam, misikitini huitwa hivyo mwanachuoni, na vijiweni huitwa hivyo kijana yeyote mwenye ndevu tatu.

Walioandika nathari hawakupata mateso haya. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, katika tafsiri yake ya Qurani Takatifu ya mwaka 1969, alitumia Mwenyezi Mungu kwa utulivu, akaendelea na safari. Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, katika tafsiri yake, aliona neno Rabi lina ulezi ndani yake ambao Mola peke yake haubebi, akaandika Mola Mlezi. Kwa maoni yangu hiyo ni mojawapo ya kazi nzuri zaidi zilizowahi kufanywa na neno moja la kawaida. Mwenyezi lenyewe ni “mwenye enzi” lililoshikamana kwa matumizi, na katika maandishi ya Waislamu mara nyingi hufupishwa M/Mungu, kwa mkwaju uleule unaotumika kumfupisha mwenyekiti kuwa M/kiti. Kati ya hao wawili ni mmoja tu anayedai posho ya kikao.

Upande wa Wakristo neno lenye kazi nyingi ni Bwana. Union Version huliandika kwa herufi kubwa zote linaposimama mahali pa jina la Kiebrania, na kwa hakika linahitaji ulinzi huo, kwa sababu barabarani linashirikiana jina na Bwana Shamba, Bwana Afya, bwana harusi, na lile “bwana” la katikati ya sentensi lisilo na maana yoyote, kama katika “acha hizo bwana”. Salamu hufichua dhehebu kabla hujauliza. “Bwana Yesu asifiwe” humtoa Mlutheri au mlokole, “Tumsifu Yesu Kristo” humtoa Mkatoliki, na anayejibu “Poa” ni mjomba wangu.

Lakini vita vikubwa vya kitheolojia katika Kiswahili vimepiganwa ndani ya herufi moja, tena bila damu. Roho ni neno la ngeli ya nyumba na ngoma: roho yangu inauma, roho yake ni nzuri. Wanaokubali Utatu husema Roho Mtakatifu, wakamvika “m” ya watu, naye akaanza kushuka, kuongoza na kufariji. Mashahidi wa Yehova, wasioukubali Utatu, huandika roho takatifu, kwa herufi ndogo na bila hiyo “m”, nayo kwao ni nguvu ya Mungu inayotenda. Mtu akibisha hodi mlangoni pako Jumamosi asubuhi huna haja ya kuuliza maswali marefu. Msubiri afike kwenye kivumishi.

Malaika hatuchukui muda wao mwingi. Neno lenyewe kwa Kiarabu ni la wingi, kwa hiyo kwetu malaika mmoja huwa amefika akiwa wengi tayari, na Kanuni ya Wingi haina pa kumshikia. Ndani ya neno hili hukaa wapangaji watatu: mjumbe wa Mungu, mtoto mchanga asiye na dhambi, na vile vinywele laini vya mwilini vinavyosimama mtu asikiapo hatua nyuma yake gizani. Wa nne ni mchumba, aliyeingizwa na wimbo uliopigwa na Fadhili William, ambamo mwimbaji anamwita mpenzi wake malaika huku akikiri kwamba hana fedha za kumwoa. Gabrieli na Jibrili ni mmoja, tofauti ni nyumba ya ibada. Munkari na Nakiri wao huuliza maswali kaburini. Israili, mtoa roho, tunamtaja kwa kuwa taaluma inatulazimisha, kisha tunapita.

Tunapita kwenda kwenye neno ambalo, kwa maoni ya mwandishi, lingestahili idara yake katika chuo kikuu: pepo. Pepo inangojwa. Pepo amempanda. Pepo zinavuma. Neno ni lilelile na herufi ni zilezile nne. Katika sentensi ya kwanza ni makao ya wema baada ya kifo. Katika ya pili ni kiumbe kinachomfanya mtu mzima azungumze Kiarabu ambacho hakusomea. Katika ya tatu ni wingi wa upepo. Kinachomtenganisha marehemu na mgonjwa, na mgonjwa na mabaharia, ni kiambishi tu. Tangazo la kifo redioni linaloomba marehemu alazwe “mahali pema peponi” limekuwa likitegemea kwa miaka yote kwamba wasikilizaji wanajua sarufi.

Hatari hiyo inaonekana vizuri zaidi katika kitenzi kupunga. Kupunga upepo ni kwenda Forodhani au Coco Beach jioni, ukanunua muhogo wa kuchoma, ukarudi nyumbani. Kupunga pepo ni ngoma, ubani, mganga, na gharama ambayo muhogo hauifikii. Kati ya mapumziko na matibabu iko irabu moja.

Anayepandwa na pepo huitwa kiti. Mwenyekiti ana kiti. Huyu ndiye kiti, na wanaokikalia wana makabila yao. Unguja na Pemba ruhani hufahamika kuwa Waarabu na Waislamu, hupenda usafi, ubani na maji ya waridi. Rubamba ni wa Pemba. Habeshia asili yao ni Ethiopia. Kibuki ni wa kutoka Bukini, yaani Madagaska, na hawa hunywa brandi, jambo ambalo huwaweka viti wao, ambao aghalabu ni Waislamu wema, katika hali ngumu kuieleza. Ukiiangalia orodha hiyo utaona ni ramani ya biashara ya Bahari ya Hindi, iliyotunzwa na watu ambao hawakupewa nafasi ya kuiandika mahali pengine. Ni hifadhi ya nyaraka inayocheza ngoma.

Kanuni ya Wingi inashika hapa vizuri kuliko kwingine. Shetani, umoja, kwa herufi kubwa, ni adui wa binadamu, na hakuna mazungumzo naye. Mashetani, wingi, huketi, hutaja majina yao, huagiza wanachotaka, na wakitimiziwa huondoka kwa adabu. Ibilisi hana wingi unaozoeleka, na ndiyo sababu hakuna aliyewahi kumpigia ngoma ili waelewane. Popobawa, aliyewatia watu hofu Pemba mwaka 1995, akafika Unguja na hata Dar es Salaam, hakuwahi kupata wingi wala ngoma. Watu walitoka tu nje ya nyumba zao, wakalala uani kwa makundi. Shetani wa mwisho katika kundi hili ni wa mpingo. Wachongaji wa Kimakonde wana mtindo wenye jina hilo, na kule Mwenge, penye soko la vinyago Dar es Salaam, anasimama rafu moja na mtindo mwingine uitwao ujamaa. Watalii hununua vyote viwili. Shetani huuzwa bila maelezo. Ujamaa huhitaji maelezo marefu.

Majini yanatatanisha kwa kuwa jina lao katika wingi ni mahali: aliyesema “ameingia majini” huenda ametangaza habari ya kuogelea. Mizimu ndiyo inayoivunja kanuni yetu. Mzimu mmoja ni kitisho cha watoto. Mizimu ikiwa mingi ndipo inapokuwa na mamlaka, hukasirika kwa pamoja na husamehe kwa pamoja. Na ingawa walikuwa babu zetu wenye majina, wakifa wanapatanishwa na miti: mizimu imekataa, mizimu imeridhika. Kinyamkera hukaa ndani ya kimbunga cha vumbi, na uainishaji wake ulikatizwa na vumbi. Chuma ulete, anayehamisha fedha kutoka kwenye droo za wenye maduka, ndiye pekee katika utafiti huu ambaye jina lake ni amri mbili mfululizo.

Imebaki sehemu ya matumizi, na hapa data imekusanywa dukani kwa Mangi, kama aitwavyo mwenye duka la mtaani. Tumegundua uhusiano thabiti kati ya urefu wa jina la Mungu na umbali wa fedha. Mteja akisema “Inshallah kesho”, deni laweza kulipwa wiki ijayo. Akisema “Mungu akijalia mwisho wa mwezi”, Mangi hufungua daftari. Akisema “Mangi, tumwachie Mwenyezi Mungu, yeye ndiye mpaji”, Mangi hulifunga. Jibu la Mangi mmoja linastahili kuhifadhiwa: “Mama Neema, Mungu anapenda. Wewe ndiye hupendi.”

Mshtuko nao una ngazi zake. Sufuria ikiungua ni “Mungu wangu!” Kidole kikibanwa mlangoni ni “Yarabi!” Habari za mtu kufumaniwa ni “Toba!”, na zikiwa za shehe au mchungaji ni “Lahaula!”, bila kujali dini ya anayetamka. Wakenya huongeza kwamba Mungu si Athumani. Kwa nini Athumani na si Juma, methali yenyewe haielezi.

Tumeacha viapo mwisho kwa sababu vimetupatia ugunduzi mpya. Anayesema kweli huapa “Wallahi” au “Haki ya Mungu”. Asiye na uhakika na anachokisema, lakini anataka aaminiwe, hukutana na tatizo: akitaja Jina atahesabiwa, asipolitaja hataaminiwa. Kiswahili kimempa njia ya katikati, “haki ya nani”, ambayo kwa ulimi wa haraka huwa hakyanani. Hutamkwa Dar es Salaam, hutamkwa Mombasa, hutamkwa na wauza simu zilizotumika. Huyo “nani” si kiulizi, kwa maana hakuna anayejibu. Ni jina. Msikilizaji anamjua, msemaji anamjua, na wote wawili wamekubaliana kutomsumbua. Kamusi zetu, kuanzia ya Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015, zinamjua kwanza kama kiulizi. Wahariri wa toleo lijalo wanaombwa waingize kidahizo kifuatacho: nani² nm [a-] Mungu, asipotajwa kwa sababu za kiusalama.